Bwana Aliyebeba Sanduku Langu

Kwa muda mrefu mdogo wangu alikuwa akingoja niolewe, na mimi nilikuwa Kigoma nikifundisha Kifaransa. Shughuli hizi mbili hazikusaidiana hata kidogo.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Mekanisien wa kivuko, kijana aliyetunza injini ya lile bac linalovusha watu na magari kutoka ng'ambo moja ya mto hadi nyingine pale Kisangani, alitaka kumwoa mdogo wangu. Watu wake, Wagenia, wavuvi wa kwenye maporomoko, walikuja kwetu kubisha mlango kama inavyopasa. Walileta samaki, walileta maneno mazuri, na walileta dame-jeanne, ile chupa kubwa ya divai yenye tumbo pana na vazi la kikapu. Kwetu kinywaji cha kubisha mlango ndicho swali lenyewe. Mkikinywa, mmekubali. Mkikirudisha, mmekataa. Baba hakukinywa wala hakukirudisha. Aliiweka ile chupa kwenye kona ya sebule, akaifunika kitambaa alichofuma mama, akatangaza kwamba mtoto wa pili hatoki nyumbani kabla ya yule wa kwanza.

Wa kwanza ni mimi.

Baba hakuwa na neno baya juu ya kijana yule. Shida yake ilikuwa mpangilio. Alikuwa juge wa mila katika zone ya Tshopo, sehemu moja ya mji wa Kisangani, mtu wa kuamua mashauri ya ndoa, mirathi na mbuzi waliokula bustani ya jirani, na mtaa wetu, avenue nzima, ulimwita Papa Juge. Mama naye alimwita hivyo kila alipotaka kumtania. Alipenda kila jambo lije kwa zamu yake: salamu kabla ya maneno, chakula kabla ya shauri, mkubwa kabla ya mdogo. Ukimwambia kwamba mkubwa mwenyewe hana haraka, alikujibu kwamba haraka si jambo la sheria.

Basi dame-jeanne ikakaa pale hadi ikawa samani. Mama aliifuta vumbi kila alipoifuta redio. Watoto wa jirani walijua kwamba hawachezi mpira karibu na dirisha lile. Mdogo wangu alikuwa mshonaji, na cherehani yake ilikuwa kwenye kona hiyo hiyo, kwa hiyo alishona magauni ya harusi ya wenzake akiwa ameketi bega kwa bega na chupa ya harusi yake mwenyewe. Aliniambia kwamba kila asubuhi akiingia sebuleni huisalimu.

"Haijibu," alisema. "Iko na kiburi sawa papa."

Nami kila likizo nilirudi. Nilipoingia uani, watu walitazama kwanza nyuma yangu, kisha ndipo wakanipa mkono. Nilikuwa nimezoea. Nyuma yangu hapakuwa na mtu ila mchukuzi wa mizigo, na huyo kwa kawaida alikuwa mzee aliyekwisha kuoa zamani.

Kazi ya Kigoma niliipata kwa sababu shule moja ya wasichana ilihitaji mtu wa kufundisha Kifaransa, na upande wa pili wa ziwa ulikuwa umejaa watu wanaokijua na wasio na kazi. Niliipenda. Wanafunzi wangu walicheka Kiswahili changu, mimi nikacheka Kifaransa chao, na mwisho wa muhula tulikuwa sare. Lakini likizo ndefu ya Desemba ilipokaribia nilianza kuhisi kama mtu anayekwenda kufanya mtihani ambao hakuusomea.

Mwaka ninaousimulia, nilipanda meli ya ziwani nikiwa ndugu mwalimu, nimevaa suruali, na jina langu la ubatizo likiwa mahali pake. Tulipokaribia Kalemie nilifanya kama walivyofanya wanawake wengine wa Zaire waliokuwamo: niliingia chooni nikatoka nimefunga kitenge. Upande wetu suruali ilikuwa marufuku kwa mwanamke, tai ilikuwa marufuku kwa mwanaume, na majina ya watakatifu yalikuwa marufuku kwa wote, tupate kurudi kwenye asili yetu. Bwana mmoja karibu yangu alivua tai yake, akaikunja taratibu, akaitumbukiza ndani ya soksi. Jina langu la ubatizo nililiacha melini. Askari wa forodha akaniita citoyenne, yaani raia, akauliza nina nini sandukuni. Nilimwambia nina vitabu, sabuni na vitenge. Aliamini habari ya sabuni na vitenge; vitabu alivifungua kimoja kimoja, akavitikisa, kama mtu anayetafuta kunguni.

Kutoka Kalemie tulichukua treni, ambayo ilikuwa na ratiba ubaoni na tabia zake yenyewe. Ilisimama mahali palipo na stesheni, na pia mahali palipo na binamu wa dereva. Kindu reli inakatika, kwa hiyo abiria huhamia meli ya mto hadi Ubundu, kisha hupanda treni nyingine inayowafikisha Kisangani. Ni ndani ya meli hiyo ya mto nilipokutana na bwana mwenye vijiti.

Alikuwa amevaa abacost iliyopigwa pasi vizuri, lile koti letu la kitaifa lisilotaka tai, na alikuwa ameketi juu ya sitaha akililinda furushi refu lililofungwa ndani ya gunia bichi. Alikuwa agronome wa serikali, bwana shamba, kituo chake Yahuma. Alikuwa ametoka Kindu kwenye mafunzo, na furushi lile lilikuwa la vipande vya mihogo ya mbegu mpya isiyoshikwa na ugonjwa wa majani. Vipande vile havikutakiwa kukauka wala kupigwa na jua. Aliniomba nivitazame kidogo aende kula. Nilivitazama. Aliporudi akanieleza ugonjwa wa majani, dalili zake, chanzo chake na uongo ambao watu wanausema juu yake. Siku iliyofuata nilikuwa nimekwisha kupewa kopo langu la kumwagilia. Hakusema neno lolote kuhusu mambo yake ya nyumbani, nami sikumuuliza. Anayeongea na mpenzi wa mihogo hapati nafasi ya kuuliza jambo jingine.

Treni ya Ubundu inaishia Lubunga, ng'ambo ya kushoto ya mto, na mji wenyewe uko ng'ambo ya kulia. Hapo stesheni tulipata habari kwamba meli ya kushuka mto, ambayo ingempeleka yeye upande wa Yahuma, haijafika wala haijulikani itafika lini. Uso wake uliingiwa na wasiwasi, si kwa ajili yake, bali kwa ajili ya mihogo. Nikamwambia kwamba uani kwetu kuna kivuli na mtungi wa maji, na kwamba baba yangu hajawahi kumfukuza mgeni. Ndivyo nilivyolelewa, sikufikiri zaidi ya hapo.

Sanduku langu lilikuwa zito kwa sababu ya vitabu. Furushi lake lilikuwa jepesi, lakini hakuliamini mikononi mwa mchukuzi, ambaye angelitupa chini kama kuni. Akatoa wazo, na lilikuwa wazo zuri kabisa: yeye abebe sanduku langu begani, mimi nibebe mihogo yake kichwani. Hivyo ndivyo tulivyoshuka kwenda kwenye kivuko, mimi mbele na maji yakinidondokea shingoni, yeye nyuma akinionya nisiyumbe.

Tulipopanda bac, mekanisien alitoka kwenye injini, mikono ina mafuta hadi viwikoni. Aliniona. Kisha akafanya kama walivyofanya watu wote: alitazama nyuma yangu. Safari hii kulikuwa na kitu cha kutazama. Alilitazama sanduku, nalo alilijua; akamtazama aliyelibeba; akayatazama mafuta mikononi mwake kana kwamba yameanza kunukia vizuri.

"Bienvenue, dada," alisema. "Na huyu papa?"

"Iko na mimi," nilijibu. "Anakuya kwetu."

Ilikuwa kweli tupu. Hakuuliza zaidi. Bac lilipogusa ukingo wa mjini, mtu wa kwanza kushuka, kabla ya lori na kabla ya mbuzi, alikuwa yeye, tena akiwa juu ya baisikeli. Baadaye nilipata kujua kwamba baisikeli hiyo ilikuwa ya abiria mmoja aliyekuwa bado anatafuta viatu vyake.

Sisi tulicheleweshwa pale beach, ndivyo tunavyoita bandari. Vijana wa chama waliokuwa wakikagua mizigo hawakupenda sura ya furushi. Kijana mmoja aliuliza kama ni silaha. Agronome akafurahi kuulizwa. Alilifungua gunia, akatoa kipande kimoja, akaanza na ugonjwa wa majani. Vijana walipoona amefika kwenye chanzo chake, walitusihi tuondoke, lakini alikuwa hajamaliza.

Kutoka beach hadi Tshopo tulitembea. Njiani nilishangaa jinsi tulivyotazamwa. Wanawake waliokuwa wakiuza makemba, zile ndizi kubwa za kupika, walisimamisha biashara. Mmoja alimwambia mwenzake, kwa sauti ya mtu asiyejificha, "Mwalimu anakuya na bwana, na bwana anakuya na shamba yake." Nilifikiri wanacheka vijiti vya kichwani kwangu. Nikawacheka wao pia, nikapunga mkono, jambo ambalo halikusaidia.

Uani kwetu palikuwa pamefagiliwa ingawa haikuwa Jumamosi. Viti vya majirani vilikuwa vimepangwa pande mbili, na majirani walikuwa wamekuja pamoja na viti vyao. Mzee mmoja wa Wagenia, tonton, yaani mjomba, wa mekanisien, alikuwa ameketi mahali pa heshima, na karibu na miguu yake samaki mkubwa amelala ndani ya majani mabichi. Baba alikuwa amesimama katikati, amevaa abacost nyeusi ya mahakamani, na siku hiyo hakukuwa na mahakama. Wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba tumefiwa. Nikasikiliza kilio, nikasikia kuku.

Baba alinipa mkono upesi, kama mtu anayesogeza pazia, akaenda moja kwa moja kwa agronome. Akampokea sanduku langu kwa mikono yake mwenyewe. Akampa kiti. Akamuuliza habari ya njia, ya mvua, ya mto. Agronome alijibu yote vizuri, akaomba radhi kwa usumbufu, akauliza kama kuna kivuli. Baba aliipenda sana adabu hiyo ya mtu anayefika ugenini na kuomba kivuli tu.

Hapa yafaa nieleze jambo moja, maana bila hilo yaliyofuata yanaweza kuonekana ya watu wasio na akili. Kwetu mgeni haulizwi shauri lililomleta kabla hajala na kunywa. Kumuuliza mapema ni kumwonyesha kwamba unahesabu saa hadi aondoke. Mtu mwingine angeuliza mara moja, "Wewe ni nani kwa binti yangu?" na mambo yangeishia hapo. Baba hakuweza. Alikuwa amewatoza watu faini kwa kosa dogo kuliko hilo.

Mdogo wangu alinivuta hadi jikoni, nyuma ya nyumba, ambako mama alikuwa akitwanga ndizi za lituma.

"Dada, ule ndiye?"

"Ndiye nani?"

"Usinicheze. Bwana yako."

Ndipo nilipoelewa viti, kuku na abacost. Niliwaeleza wote wawili, kwa sauti ya chini, kwamba yule ni agronome wa Yahuma, kwamba meli yake haijafika, na kwamba kitu pekee tulichoshirikiana ni kumwagilia mihogo. Mama aliacha mchi ndani ya kinu. Mdogo wangu aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Hakulia. Alitazama mikono yake, ile mikono iliyoshona magauni ya wengine, na nikaona kwamba alikuwa amevaa gauni jipya, la kwake, ambalo bila shaka lilikuwa limekunjwa mahali fulani likingoja siku.

Kutoka sebuleni, ambako wageni walikuwa wamekwisha kuingizwa, tulisikia sauti ya baba ikiomba kisu.

"Namwendea," nilisema. "Lazima ajue kabla hajafungua chupa."

"Enda," mdogo wangu alijibu. "Siombe useme uongo, dada. Naomba tu utembee polepole."

Mama alifuta mikono. Alichukua sinia la glasi, glasi ambazo hata mimi niliona zilikuwa safi, akanipa pamoja na kitambaa. Alisema tu kwamba mgeni hanywei kwenye vumbi, kisha akaanza kutwanga tena, kwa nguvu zaidi.

Niliosha glasi. Niliziosha ndani, nje na chini. Moja niliishika juu nione kama jua linapita, halafu nikairudia. Nadhani hakuna glasi zilizooshwa vile katika zone nzima. Na bado nilipoingia sebuleni nilikuwa na nia njema: nilikuwa nimeamua kusema, na nilifungua mdomo kusema. Kitambaa alichofuma mama kilikuwa kimeondolewa. Baba alikuwa amepiga magoti mbele ya dame-jeanne akikwangua lakiri.

"Papa," nilianza.

Aliinua mkono bila kugeuka. Maneno ni baada ya kinywaji, alisema. Nilikuwa nimesahau hata hilo huko ugenini? Majirani walicheka. Niligawa glasi.

Akamimina. Alimpa kwanza tonton wa Wagenia, akampa agronome, akajipa mwenyewe, akanipa mimi. Alisimama akatoa hotuba ambayo naamini aliitunga miaka mingi, akiitazama chupa ile kila jioni. Alisema kwamba nyumba ni kama foleni ya maji pale bombani: wa mbele akijaza ndoo yake, wa nyuma anasogea. Alisema leo wa mbele amesogea. Wagenia waliuliza swali kwa heshima, wakangoja kwa heshima, na yeye leo anawajibu. Kisha akanywa, glasi nzima, bila kupumua. Tonton akanywa. Agronome, ambaye alidhani huu ndio ukarimu wa kawaida wa watu wa Tshopo, akanywa kwa furaha, akasimama kushukuru.

"Papa Juge, mi sijapokelewa hivi siku yoyote. Mke yangu na batoto kule Yahuma, nikibaelezea, hawataamini."

Redio peke yake iliendelea kukisifu chama. Mtu fulani akaizima.

Baba aliweka glasi yake mezani. Akaniita "Mwalimu", jina alilolitumia kwangu nikiwa na kesi tu.

"Huyu papa ni nani?"

"Ni agronome, papa. Nilitaka kusema. Nilikuwa naosha glasi."

Agronome alitazama kushoto na kulia, akatazama viti, kuku, na nguo za watu. Ilimfikia polepole, na ilipofika ilimwumiza, maana alikuwa mtu mwema. Alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtuhumiwa kabisa, kwamba yeye alibeba sanduku tu.

Jirani mmoja aliuliza kama divai inaweza kurudishwa. Mwingine akamjibu kwamba inaweza, ila si kwa njia ya kupendeza. Kicheko kilianza kikakatika, kwa sababu baba hakucheka. Alisimama pale kati ya sheria zake mbili, ile ya mkubwa kabla ya mdogo na ile ya kinywaji, na mdogo wangu alikuwa amefika mlangoni na gauni lake jipya, ameshika kizingiti.

Tonton wa Wagenia ndiye aliyesogeza kiti chake. Hakupaza sauti. Aliuliza kama watu wanavyouliza mbele ya baraza, kofia mkononi.

"Papa Juge. Divai ikishapita hapa," akagusa koo lake, "iko jibu, ao haiko jibu?"

Kila mtu pale alijua kwa nini anauliza. Zamani kidogo familia moja ya avenue ya pili ilikuwa imekunywa kinywaji cha kubisha mlango, kisha ikasikia habari ya mchumba mwingine mwenye lori, ikaenda mahakamani kudai kwamba siku ile walikuwa na kiu tu. Baba aliwasikiliza hadi mwisho, akaamua kwamba kiu inazimwa kwa maji. Aliyekunywa amejibu, na jibu halirudi eti kwa sababu mwenyewe alikuwa na mawazo mengine kichwani wakati wa kumeza. Hukumu ile ilipendwa sana. Watu waliisimulia sokoni.

Baba aliinama akaitazama glasi yake. Ilikuwa tupu kabisa. Hakuwa amejiachia hata tone la kujitetea. Akamtazama mdogo wangu pale mlangoni, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu kumtazama yeye bila kuitazama chupa pamoja naye.

"Iko jibu," alisema.

Mama alipiga vigelegele kabla neno halijaisha, jambo lililoonyesha kwamba hakuwa jikoni. Wanawake wakamfuata. Mekanisien, ambaye muda wote huo alikuwa amejificha nyuma ya ua wa mianzi, alisukumwa ndani na majirani, mafuta yake bado mikononi, na hakujua amguse nani.

Baba aligonga meza. Alikuwa amepoteza kesi nyumbani kwake, na alitaka angalau kuifunga yeye mwenyewe. Alitangaza kwamba siku hiyo kila mmoja ana kosa. Agronome alipita katika zone nzima na sanduku la mwanamke begani bila kueleza nia yake: atapanda vipande kadhaa vya mihogo yake uani kwetu, na atabaki mgeni wetu hadi meli ifike. Agronome aliikubali adhabu haraka, akauliza udongo wetu ukoje. Mekanisien alieneza habari isiyopimwa: atairudisha baisikeli ya watu sasa hivi, na ataomba msamaha kwa mdomo wake. Mekanisien aliapa kwamba alikosea tu. Hadi leo anaapa, na hadi leo mke wake humwambia apunguze kuapa.

"Na juge?" mama aliuliza.

Baba alisema juge hatozwi faini. Mama alisema basi juge hali lituma. Wakasikilizana: juge atamimina raundi ya pili kwa watu wote, kwa mkono wake, akianza na wanawake, kinyume cha mpangilio. Alimimina. Alipofika kwa mdogo wangu alijaza glasi hadi ikamwagika kidogo kwenye gauni jipya, na wote wawili wakajifanya hawajaona.

Kwangu alisema hukumu ataifikiria.

Harusi ilifanywa kabla likizo haijaisha, kwa sababu mdogo wangu alisema amechoka na neno baadaye. Agronome alikuwa bado yupo, na alimshika baba wa bwana harusi kwa muda mrefu akimweleza ugonjwa wa majani. Siku tatu nne baada ya hapo meli ilifika, akashuka mto na furushi lake, jepesi kidogo kuliko lilivyokuja.

Jumamosi ya mwisho, kabla sijaanza njia ya kurudi Kigoma, baba alinikuta sebuleni asubuhi. Nyumba ilikuwa na utulivu wa ajabu bila cherehani. Alikuwa amevaa nguo zake kuukuu za salongo, ile kazi ya pamoja ya kila Jumamosi, na ameshika mafagio mawili. Hakuketi.

Alisema alikuwa amewaza. Alisema alipoiweka ile dame-jeanne pale hakutaka kumfungia mdogo wangu. Alidhani ananifungulia mimi. Alidhani nikiona mwenzangu anangoja nitaharakisha. Aliyasema haya akilitazama fagio, akichomoa ujiti mmoja uliovunjika.

"Miye nilikuwa nakimbiza watoto wawili na fimbo moja," alisema.

Nilimuuliza basi hukumu yangu ni ipi.

"Likizo zote ukuye nyumbani."

"Na kama nakuya peke yangu?"

"Mama," aliniita, kama baba anavyombembeleza binti, "nimesema ukuye. Sikusema na nani." Akanipa fagio moja. "Twende. Chef wa avenue iko anahesabu watu, na huko nje hawajali kama wewe ni mwalimu ya ng'ambo."